Kadi ya Buluu Kifuani mwa Mama

Uvumilivu wangu uliisha nikiwa kwenye kiti cha plastiki, nje ya ghala ninakofanya kazi hapa Columbus, Ohio, wakati wa mapumziko. Nilikuwa na simu sikioni na bakuli la wali mapajani. Yule kaka wa kampuni ya maegesho iliyonitoza faini alikuwa na sauti nzuri, sauti ya mtu aliyelala akashiba usingizi. Aliniomba nieleze upya, nami nikaeleza upya: kwamba gari ni langu, kwamba siku ile kule Buffalo aliyekuwa anaendesha ni mama yangu, kwamba mama ana mguu mbovu na ana kadi ya kupaki kwenye nafasi ya walemavu. Nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta.

"Umesema mama yako ni mlemavu," akasema. "Na umesema aliendesha gari mwenyewe kutoka Ohio."

"Ndiyo."

"Sasa niandike lipi? Ni mlemavu au ni dereva?"

Sikumtukana. Wanaonijua wakisikia hadithi hii wanasubiri nifike pale nilipomtukana, kwa sababu mdomo wangu hauna breki. Hakuna pale. Nilikata simu, nikafunika bakuli, nikarudi ndani kubandika lebo kwenye maboksi. Mikono ilifanya kazi, mwenyewe sikuwepo. Msimamizi alipokuja kuniambia kwamba mzigo mzima nimeubandika lebo kichwa chini, nilianza kuzibandua moja moja. Hasira yangu siku hizi ndiyo iko hivyo. Haiwaki. Iko kama mguu uliokufa ganzi: unajua ni wako, lakini ukiugusa ni kama unagusa wa mtu mwingine.

Sasa nianze na mguu wenyewe, kwa sababu bila huo mguu hakuna kadi, na bila kadi hakuna kesi.

Mama aliuvunja kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma, mimi nikiwa mdogo. Alikwenda kutafuta kuni nje ya kambi, akateleza kwenye korongo akiwa na mzigo kichwani. Mguu wa kushoto, chini ya goti. Zahanati ya kambi iliufunga ilivyoweza, na walipoona haujakaa sawa wakamwandikia rufaa. Watu wengine wakisikia rufaa wanafikiria mahakama. Kwetu kambini rufaa ilikuwa ya hospitali. Ilikuwa karatasi inayosema huyu ametushinda, apelekwe kwenye hospitali kubwa, kule kwenye mashine na madaktari wa mifupa. Ukishaandikiwa unasubiri majina yabandikwe kwenye ubao. Mama alisubiri. Kila majina yalipobandikwa alijikokota mpaka kwenye ubao akarudi. Halafu siku moja akaambiwa rufaa yake haikupita. Hakuambiwa kwa nini, na hakuuliza. Mguu ukajiunga wenyewe jinsi ulivyopenda, ukawa mfupi kuliko mwenzake, na goti likagoma kukunjika. Tangu hapo anatembea na gongo la kwapani.

Bahati ya mguu wa kushoto ni kwamba gari la Amerika halina klachi, kwa hiyo halina kazi nao. Hili tuligundua Louisville, Kentucky, mji tulioshukia tulipoletwa huku. Kulikuwa na shemasi wa kanisa letu aliyekuwa anafundisha watu kuendesha kwenye uwanja wa duka kubwa lililofungwa, bure, ukimwekea mafuta. Mimi ndiye niliyekwenda kufundishwa. Mama alikaa kiti cha nyuma na binti yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa bado ananyonya. Siku hiyohiyo, nilipomaliza kuzungusha gari, nikasikia nyuma yangu: "Na mimi."

Shemasi akacheka, akageuka kumtazama, akaacha kucheka.

Lazima ujue dereva alikuwa nani kambini. Dereva wa lori la chakula alikuwa mkubwa kuliko mwenyekiti. Alikuja na miwani ya jua na shati lililopigwa pasi, akipiga honi watu wazima wanakimbia. Wazee waliomzidi umri walimtafutia kiti. Mama alitaka hicho. Sikujua mpaka nilipomwona ameshika usukani, mgongo umenyooka, mguu mbovu ameupumzisha pembeni kama mzigo ambao leo si wake. Alipata leseni kabla yangu. Mimi nilianguka mtihani wa kuingiza gari kinyumenyume kati ya magari mawili, na mpaka leo kwenye familia hii nikikosoa uendeshaji wa mtu, naulizwa kama nimeshajua kuingiza gari kinyumenyume.

Kadi ilipatikana hukohuko Louisville. Daktari alijaza, ofisi ikatoa: kadi ya plastiki, ya buluu, ndefu, ina tundu la kuning'inizia na picha ya mtu kwenye kiti cha magurudumu. Mama aliitazama akasema huyo si yeye, yeye anatembea. Nikamweleza kwamba ni alama tu, na kwamba ukishapaki unaitundika kwenye kioo cha katikati, unafunga gari, unakwenda zako.

"Kadi?" akasema. "Unaiacha? Humo ndani, watu wanaiona?"

Alidhani namtania. Aliyekulia kambini ataelewa bila kuambiwa. Kadi ilikuwa chakula. Ukipoteza kadi ya mgao, unga hupewi, na mpaka upate nyingine umeshazunguka majirani wote na bakuli. Mama aliilalia kadi. Alioga nayo ikiwa kwenye mfuko wa nailoni shingoni. Akitoka, kadi iko kwenye sidiria, upande wa moyo, na hata akisalimiana na mtu mkono wa kushoto unagusa pale kuhakikisha. Sisi watoto tungeweza kusahauliwa kwenye foleni. Kadi, hapana.

Kwa hiyo mama na kadi ya buluu walipatana kwa namna yao. Akiwa anaendesha, kadi inaning'inia kwenye kioo, ili polisi waione. Akifika, akizima gari, anaishusha, anaikunja kidogo, anaiingiza kifuani, anashika gongo, anatoka. Sheria inataka kinyume chake kabisa. Nimemwambia mara nyingi: mama, ni gari lisilo na mtu ndilo linalohitaji kadi. Ananijibu kwamba gari lisilo na mtu ndilo mwizi analolitaka. Ungemjibu nini? Mimi niliacha.

Baadaye tulihamia Columbus, upande wa Hilliard, kwa ajili ya kazi yangu ya ghala. Mama naye alipata kazi Westerville, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kazi ya kukunja mashuka na taulo, ambayo unaifanya umekaa. Alikuwa anajipeleka na kujirudisha. Jumapili alikuwa anawapitia wanawake wa kwaya ambao hawana magari, anawapanga ndani kwa utulivu wa mtu aliyezoea madaraka: wewe mnene mbele, ninyi wawili nyuma, mkanda. Walimwita Dereva. Walisema Dereva tushushe hapa, Dereva leo umevaa kama bibi harusi, Dereva unatupeleka kanisani au mbinguni moja kwa moja? Naye hajibu, anatazama barabara. Dereva wa lori hajibizani na abiria.

Mwezi wa tatu, mama mdogo, yaani mdogo wake mama anayeishi Buffalo, jimbo la New York, alifanyiwa upasuaji. Tukaenda kumwona. Mama aliendesha njia yote. Nilimwomba tupokezane akaniuliza kama barabara hiyo ina mahali pa kuingiza gari kinyumenyume. Mimi nilikaa nyuma na mtoto wangu mdogo. Tulipoingia mjini, mama akasema hatuendi kwa mgonjwa mikono mitupu, ingawa tulikuwa na sufuria nzima ya maharage kwenye buti, akakata kuelekea Grant Street kutafuta mchicha wa lengalenga, dagaa na unga wa muhogo. Nyuma ya maduka kulikuwa na uwanja wa kupaki, wa mtu binafsi. Theluji chafu ilikuwa imerundikwa mpaka ikafunika tangazo la uwanja. Mama akaingia kwenye nafasi ya walemavu, akazima gari. Mimi nilikuwa nambadilisha mtoto nepi kwenye kiti cha nyuma, kichwa changu kiko chini. Nilisikia mlango, gongo likigonga barafu, basi. Aliporudi alitoa kadi kifuani, akaitundika, akawasha gari. Niliona. Sikusema kitu, kwa sababu nilishasema sana huko nyuma.

Barua ilikuja kwangu kwa kuwa gari lina jina langu. Ilikuwa na picha mbili. Moja ni ya kioo cha mbele, kitupu. Nyingine ni ya mama amesimama kwenye mlango wa dereva, gongo kwapani, mkono mwingine umeingia kwenye shingo ya gauni. Chini ya picha waliandika kwamba nafasi ya walemavu imetumiwa isivyo halali. Niliitazama ile picha ya pili muda mrefu. Walimpiga picha mwanamke mwenye gongo halafu wakaandika chini yake kwamba amejifanya.

Sikumwonyesha mama. Nilidhani namwepushia. Nikaandika rufaa kwenye tovuti yao, kwa Kiingereza, kwa adabu zote, nikaambatanisha nakala ya kadi. Wakajibu kwamba wameipitia kwa makini, kadi haikuonekana kwenye kioo, rufaa imekataliwa. Nikaandika tena. Wakajibu tena, safari hii wakaongeza kwamba kadi imetolewa Kentucky, namba ya gari ni ya Ohio, na uwanja uko Buffalo, kwa hiyo hawana namna ya kuthibitisha kwamba mwenye kadi alikuwepo. Yaani wana picha yake, na hawana namna ya kuthibitisha kwamba alikuwepo.

Kiasi walichodai sitakitaja. Kila ninayemsimulia anauliza kwanza kiasi, halafu ananiambia lipa yaishe. Ningeweza kulipa. Lakini ukilipa unabonyeza pahali palipoandikwa kwamba unakubali kosa, na kosa limeandikwa kwa jina: kutumia nafasi ya walemavu isivyo halali. Ningekuwa nimesaini kwamba mama yangu alijifanya. Kidole hakikwenda.

Mama alijua kupitia binti yangu, ambaye yuko darasa la pili na anasoma kila karatasi inayoingia nyumbani, hata ya pizza. Nilirudi kazini nikawakuta mezani, barua yao ya kukataa rufaa imefunguliwa. Binti akaniambia kwa Kiingereza, maana wanangu Kiswahili wanakisikia tu, hawakirudishi, kwamba bibi, ambaye Kiingereza anakisikia ila hakisomi, alimwomba amsomee. Nikamuuliza alisomaje. Akasema alisoma vizuri. Wanasema bibi alipaki mahali pa walemavu na yeye si mlemavu, alidanganya.

Mama hakuwa analia wala nini. Ufunguo wa gari ulikuwa mezani, umefungwa ndani ya leso yake, ile ya kanisani.

"Chukua," akasema. "Nisije nikakuletea matatizo."

Nikamwambia hakuna matatizo, nimekata rufaa.

Akaniangalia. "Rufaa ya nini? Naumwa?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba si ya hospitali, ni ya kupinga: unaandika, wanasoma, wanaamua upya. Akauliza wameamuaje. Nikasema wamekataa, mara mbili. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari aliyokwishaisikia zamani.

"Basi," akasema. "Rufaa ikikataliwa, mguu unabaki hivyohivyo."

Kicheko kikaniishia mdomoni. Akainuka, akachukua gongo, akaenda kumwosha mtoto. Tangu siku hiyo hakugusa usukani.

Nikawa nampeleka mimi Westerville kabla ya zamu yangu, na watoto nyuma na nguo za kulalia. Anakaa kiti cha abiria, mikono mapajani, na kila taa ikiwa nyekundu namwona mguu wa kulia unakanyaga sakafu, unafunga breki ambayo haipo. Kanisani hatukwenda Jumapili ya kwanza, wala iliyofuata. Mmoja wa kwaya akapiga simu, mcheshi wao, akaniambia nimpe Dereva simu, wao wako tayari na vitambaa vya kichwa, wanaona haya kupanda basi na mavazi yale. Nikaweka spika. Mama akaisogelea simu.

"Dereva ameacha kazi," akasema. "Tafuteni mwingine."

Yule mama akacheka, akidhani ni utani, akaanza kusema Dereva gani huyo anayeacha kazi bila kutupa notisi. Mama alikuwa ameshaondoka. Nilibaki na simu, nikasema mtandao mbaya.

Mama mdogo nilimpigia kwa sababu yeye ndiye anayemweza dada yake. Tumbo lake lilikuwa bado na nyuzi, na nilipomsimulia alicheka mpaka akaomba nisubiri ashike mto. "Mwambie dada anunue sidiria yenye kioo," akasema. "Kadi ibaki pale inapopenda, na wao waisome." Halafu akawa makini. Akanishauri niandike kwamba kadi ilikuwa imetundikwa ikaanguka. Kadi si huanguka? Huko kwao kila mtu aliyepata barua kama hiyo aliandika ilianguka. Nikamwambia kuna picha, ana mkono kifuani. Akasema basi andika alikuwa anajikuna.

Ndipo nikampigia yule kaka wa kampuni. Nilitaka kuongea na binadamu, nikapata binadamu, akaniuliza ni mlemavu au ni dereva.

Jioni ya siku hiyo nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Nilitoa barua ya kwanza kwenye kabati nilikoificha, nikaweka ile picha mbele ya mama. Hajawahi kuiona. Mimi nimeandika kwa niaba yake mara mbili, nimepiga simu, nimekosa usingizi, na mwenye mguu, mwenye kadi, aliyeendesha, sijamwonyesha picha yake mwenyewe.

Akaisogeza karibu na macho.

"Gauni hili zuri," akasema.

"Mama."

"Naona." Akaweka kidole. "Hapa ndipo naiweka kadi. Mkono si huu? Kama walikuwa wamesimama karibu hivi, kwa nini hawakuniuliza? Ningewaonyesha."

Nikamweleza kwamba ni kamera, hakuna mtu. Akafikiri. Akasema hata pale kambini, wenye roho mbaya kuliko wote, walikuwa wanakuja na kusema lete kadi. Halafu akaniuliza yule mtu wa simu alisemaje. Sikutaka kumwambia. Nikamwambia.

Binti yangu alikuwa anachora pale mezani, mtoto mdogo anagonga kijiko.

"Kwa nini achague?" mama akasema. "Mwandikie vyote viwili."

Nikasema kwa yule siandiki tena, rufaa zao wanazikataa wao wenyewe, ni kama kumshtaki mtu kwa kaka yake. Wakati wa mapumziko ya kesho yake nilipiga simu ofisi ya serikali ya jimbo la New York inayopokea malalamiko ya watu dhidi ya kampuni. Mwanamke aliyepokea alisikiliza mpaka mwisho. Alisema kadi ya jimbo lingine inaheshimiwa kwao, na kwamba naweza kuandika malalamiko rasmi, ila yule aliyekuwa anaendesha asaini mwenyewe. Nikamuuliza kama nikikubali kwamba kadi haikuwa kwenye kioo itatuharibia. Akasema hawezi kuniahidi kitu, lakini niandike kilichotokea.

Nikaandika kwa Kiswahili kwanza. Kuna sababu. Kiingereza changu nilijifunza kwa kuomba. Nikikishika tu, kalamu inaanza: tafadhali, samahani kwa usumbufu, nitashukuru sana. Nimesoma sekondari, najua kuandika barua, lakini kwa Kiingereza kila barua yangu inapiga magoti. Na nyumbani sisi ni Kirundi, ila mambo ya ofisi mama anayasema kwa Kiswahili, kwa kuwa ofisi zote za kambini zilikuwa za Kiswahili. Kwa hiyo tulikaa mezani, mimi naandika, yeye anasikiliza, kama tuko mbele ya dirisha la ofisi na safari hii sisi ndio tuko upande wa ndani. Pale nilipoandika "mama yangu mzee" alinisimamisha. Mzee nani? Nikakata. Nilipoandika "aliomba apaki" akasema hakuomba. Nikakata. Nilipofika kwenye kadi nikamuuliza kama niandike mahali ilipokuwa, kwa wazi, sidiria na yote.

"Waliweza kupiga picha," akasema. "Waweze na kusoma."

Nilitafsiri siku mbili, sentensi kwa sentensi, kila tafadhali ikijipenyeza naitoa. Ikawa tayari Jumamosi. Printa hatuna, inabidi kwenda maktaba ya Hilliard. Nilikuwa nimeshawavalisha watoto makoti, natafuta ufunguo, nikamwona mama amesimama mlangoni na gongo, amevaa miwani ya jua. Ile leso ilikuwa mkononi, imefunguliwa.

"Kaa nyuma na watoto," akasema.

Aliendesha polepole kuliko kawaida, lakini aliendesha. Maktaba ina nafasi za walemavu karibu na mlango. Akaingia, akazima. Mkono ukapanda kwenye kioo kama kawaida yake, ukaishika kadi. Mama akaiachia. Ikabembea pale.

"Ikiibwa?"

"Tutaomba nyingine."

"Hivihivi tu? Unaomba, wanakupa?"

"Hivihivi tu."

Akaitazama mpaka ikaacha kubembea. Halafu akaegemea kiti. "Ingia wewe ukachapishe," akasema. "Mimi nabaki nayo."

Na hakutoka. Niliingia peke yangu, nikachapisha, nikarudi na karatasi, akasaini juu ya usukani, herufi zake kubwa za darasa la watu wazima, kadi ya buluu ikining'inia mbele ya paji la uso wake. Akanirudishia. Akasema nimsomee yote kwa Kiswahili kabla sijaituma. Nikamsomea, dirisha likiwa limefungwa, watoto nyuma.

*Malalamiko dhidi ya kampuni ya maegesho.*

*Sisi ni wawili tunaoandika. Mmoja ni mwenye gari. Mwingine ni mama yake, aliyekuwa anaendesha siku hiyo, na ndiye aliyesaini.*

*Mwezi wa tatu tulipaki kwenye uwanja ulio nyuma ya maduka, Buffalo, kwenye nafasi ya walemavu. Kampuni imetutoza na kuandika kwamba nafasi hiyo ilitumiwa isivyo halali. Tumekata rufaa kwao mara mbili. Wamekataa mara mbili.*

*Ni kweli kadi haikuwa kwenye kioo. Hatusemi ilianguka. Ilikuwa kifuani mwa mama, ndani ya sidiria, kwa sababu alipoishi miaka mingi, mtu aliyeacha kadi yake mahali alikosa chakula. Picha ya pili ya kampuni inamwonyesha akiiweka. Picha hiyohiyo inaonyesha gongo lake na mguu wake. Kampuni ilikuwa na picha hiyo kabla ya kutuandikia, na ilikuwa nayo iliposema haiwezi kuthibitisha kwamba alikuwepo. Tangazo linaloeleza masharti ya uwanja lilikuwa limefunikwa na theluji waliyoirundika wao.*

*Kadi imetolewa Kentucky kwa sababu ndiko tulikokuwa tunaishi. Haijaisha muda. Nakala tumeweka.*

*Tulipopiga simu, mfanyakazi wa kampuni aliuliza kama mama ni mlemavu au ni dereva, na akataka kuandika kimoja. Tunalalamikia swali hilo sawasawa na tunavyolalamikia tozo. Baada ya barua zao mama aliacha kuendesha. Alishindwa kwenda kazini bila kupelekwa. Watu waliokuwa wanamtegemea kufika kanisani hawakufika.*

*Tunataka tozo ifutwe. Tunataka maneno yanayosema alijifanya yaondolewe kwenye kumbukumbu zao, na waandike kwamba yameondolewa. Kuanzia sasa kadi itakuwa kwenye kioo. Hilo ni letu, tumeshalifanya.*

*Yeye ni mlemavu. Yeye ni dereva. Majibu yaandikwe kwa jina la dereva, siyo la mwenye gari.*